Nafasi Tupu ya Chaka

Walipokuwa wakinikatia keki ya kuniaga pale ofisini, Njoki, anayepokea kazi yangu, aliniomba mambo mawili. La kwanza, niandike habari za miaka yangu ya kazi kwa ajili ya wale walioingia juzi, kwa sababu wengi wao wanadhani kiunzi chetu cha kujengea tovuti kilishuka kutoka mawinguni kikiwa kimekamilika. La pili, nisome pendekezo lake la kubadilisha mfumo wa mipangilio, halafu niseme maoni yangu. Nilijaribu kuyaandika mambo hayo kwenye karatasi mbili tofauti nikashindwa. Yamekuwa jambo moja.

Kwa wasionijua, mimi ni Wachira, mtoto wa Naro Moru. Shule niliishia kidato cha nne. Nastaafu kabla ya kufika hamsini kwa sababu ya macho, ambayo daktari ameyakataza skrini. Miguu yangu haikulalamika kuambiwa hivyo. Haijawahi kupenda kiti. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Kabla ya kompyuta nilikuwa nikibeba mizigo ya wapandaji mlima. Mvua ndefu zikianza, wazungu huondoka na sisi wapagazi hubaki tukiangalia ukungu. Msimu mmoja wa namna hiyo niliteremka Nyeri kutafuta kibarua, nikaambiwa kuna mama anayetaka mtu wa kumpandishia kompyuta ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Huyo alikuwa Madam Nirmala. Kaka zake waliuza vitambaa chini, kama baba yao na babu yao, na yeye aliandika programu juu, katika chumba kilichonuka pamba mpya na chai ya tangawizi. Alizaliwa Nyeri, na Kikuyu chake kilikuwa cha kuwanyamazisha madereva wa malori walioziba mlango wa duka.

Nilipoiweka kompyuta ya mwisho, aliniangalia nikihema.

"Wewe unajua kusoma?"

"Nimemaliza form four, Madam."

"Sijauliza umemaliza nini. Nimeuliza unajua kusoma."

Akanikalisha kwenye stuli, akanipa karatasi iliyochapwa, yeye akatazama skrini. Kazi yangu ilikuwa kusoma mstari mmoja mmoja ili aone kama vilivyo kwenye karatasi ndivyo vilivyo kwenye mashine. Kila mstari ulikuwa na jina la jambo, alama ya sawasawa, kisha jibu. Tuma risiti, ndiyo. Lugha, Kiswahili. Saa ya kufunga, kumi na moja. Nikafika kwenye mstari ambao baada ya alama ya sawasawa haukuwa na kitu. Nikauruka.

"Umeruka mmoja."

"Hauna kitu, Madam."

"Uko na kitu. Soma."

"Sasa nisome nini?"

"Soma: hakuna."

Nikasoma, hakuna. Nilidhani mama huyu ana matatizo. Jioni aliniambia nirudi kesho yake, nikarudi, na mvua zilipokwisha sikupanda tena mlimani.

Sasa niwaeleze kiunzi, kwa ajili ya wale wa kupokea simu ambao wanalisikia neno hili kila siku na wanaona haya kuuliza. Kiunzi ni ile sehemu ya programu inayofanana katika kila tovuti tunayojenga: kupokea ombi, kutafuta ukurasa, kujua ni nani ameingia, kutuma meseji. Ukishakuwa nacho, tovuti ya ushirika wa maziwa na tovuti ya shule ya bweni hutofautiana kwa mambo machache tu. Mambo hayo machache ndiyo mipangilio. Kiunzi ni kimoja. Mipangilio ni ya kila mwenye tovuti.

Mfumo wa Madam ulikuwa wa kizamani hata siku alipouandika. Kila mteja alikuwa na faili moja, na kila jambo lilikuwa na mstari wake. Mstari ukikosekana, programu ilikataa kuwaka, ikaandika: "Sijaambiwa kuhusu jambo hili. Uliza mwenyewe." Mstari ukiwepo lakini ukiwa mtupu, maana yake ni kwamba mwenyewe aliulizwa na hakutaka. Basi. Hakukuwa na kukisia. Sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba hujazi mstari wa mtu kabla ya kumpigia simu, hata ukiwa na hakika, na hasa ukiwa na hakika.

Waliozaliwa huku hawahitaji kuelezwa kwa nini watu waliacha mistari mitupu. Jirani akija kukuomba kitu usichotaka kutoa, humwambii hapana. Unazungumzia mvua. Unauliza mtoto wake aliyeko Nairobi anaendeleaje. Yeye anamaliza chai, anakushukuru, anaenda zake, na hakuna aliyetukanwa. Wateja wetu walijaza fomu ya mipangilio kwa tabia hiyo hiyo. Wenyeviti wa ushirika waliomaliza ukurasa mzima kwa kalamu nzito wangefika mahali pa kuulizwa kama majina ya wadaiwa yaonyeshwe hadharani, wakaacha. Mtu wa mbali angesema wamesahau.

Sisemi mfumo ule haukuwa na taabu. Kituo kimoja cha kununulia majani ya chai kule Kangari kilituonyesha taabu yake. Tulikuwa tukijaribu utumaji wa meseji, na katika faili la majaribio mwenzetu mmoja alikuwa ameandika "HALO NYANI". Faili la majaribio na faili la kweli vilifanana kama mapacha, na mimi ndiye niliyenakili la majaribio juu ya la kweli. Wakulima wote wa kituo kile wakaamkuliwa asubuhi hiyo. Mwenyekiti alinipigia.

"Wewe kijana, nyani ni nani?"

"Mzee, ilikuwa ni majaribio."

"Najua ni majaribio. Nakuuliza, nyani ni nani? Kwa sababu niko na watu hapa kwa mizani na kila mmoja anasema ni yeye aliitwa."

Kicheko chake kiliniokoa. Lakini jambo lenyewe lilikuwa kweli: hatukuwa na njia ya kutenganisha mipangilio ya majaribio na ya kazi. Kisha kampuni iliyokuwa ikitusafirishia meseji ikabadilisha anwani ya mitambo yake, na tukalazimika kufungua faili la kila mteja, mji baada ya mji, kubadilisha mstari uleule. Tulipomaliza, tulikuta tumekosea herufi katika mafaili ya Nanyuki yote. Siku hiyo Madam mwenyewe alisema mfumo umezeeka, na kazi ya kuubuni upya akanipa mimi.

Nilifurahi vibaya sana. Nilikuwa nimesoma jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyofanya, na nilitaka kiunzi chetu kifanane na vyao. Nikachora matabaka. Chini kabisa chaguo-msingi za kiunzi chenyewe, yaani majibu ya kutumika mtu asipojibu, juu yake mipangilio ya ofisi yetu, juu yake ya mteja, na juu kabisa ya seva inayohusika, ya majaribio au ya kazi. Niliwaeleza wenzangu kwa mfano wa mlimani: fulana, sweta, koti. Kinachoonekana ni kilicho juu. Na koti likiwa na tundu, utaona sweta.

Tundu hilo ndilo nafasi tupu. Nilikuwa nimeamua kwamba mteja akiacha mstari mtupu, hajasema kitu, kwa hiyo programu ichukue jibu la tabaka la chini yake. Mteja mpya angeandika mistari mitatu minne tu, na mengine yote yangejijaza.

Madam alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa mapajani. Kisha akauliza, "Na kama mtu amekata hilo tundu mwenyewe?"

"Kwa nini mtu akate koti lake, Madam?"

"Sijui. Labda anasikia joto. Nauliza, aliyenyamaza kwa makusudi utamjuaje?"

Chumba kilikuwa kimejaa vijana, wengi wao wenye digrii, na kwa mara ya kwanza walikuwa wakinitazama mimi na si yeye. Nikasema, "Madam, kompyuta haijui kunyamaza. Hayo ni mambo ya wazee wa kanisa."

Walicheka wote. Yeye alingoja kicheko kiishe, akakunja karatasi yangu akanirudishia. "Sawa, Wachira. Wewe ndiye fundi."

Nimefanya makosa mengi katika msimbo, yaani maandishi ya programu, na ninaweza kuyasimulia nikinywa chai. Kicheko kile siwezi. Nikikikumbuka hata sasa, nikiwa peke yangu njiani, huwa natikisa kichwa na kuongea kwa sauti kama mtu anayefukuza nzi.

Niliandika pia kifaa cha kuhamisha mafaili ya zamani. Kilisoma kila faili, kikafananisha mistari na chaguo-msingi, na kilipokuta mstari mtupu kiliutupa. Katika msimbo niliita hatua hiyo "palilia". Faili la kurasa mbili lilitoka likiwa na mistari inayotosha kiganja. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni wa ofisi mafaili hayo mawili sambamba, la kale na jipya, kama mtu anayeonyesha shamba aliloling'oa magugu. Kumbe nilikuwa nimeng'oa na mboga.

Miongoni mwa wateja wetu kulikuwa na chama cha kusaidiana katika misiba kule Chaka. Mwanachama akifiwa, au akifa mwenyewe, katibu aliandika kwenye tovuti, na chama kikaanza kupanga mchango na mazishi. Kulikuwa na mstari wa mipangilio ulioitwa meseji ya msiba: itumwe lini kwa wanachama. Vyama vingi vilikuwa vimejibu "mara moja", kwa hiyo nikaifanya "mara moja" kuwa chaguo-msingi. Chama cha Chaka kilikuwa kimeacha mstari huo mtupu. Katibu wake aliitwa Muthoni, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa ameuacha kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtu wa Chaka.

Kwetu habari ya kifo haitupwi. Hupelekwa. Wanakwenda watu wawili watatu, wanaketi, wanakunywa walichopewa, wanauliza hali ya ng'ombe, na mwenye nyumba anaanza kuelewa kabla hajaambiwa, kwa sababu watu hao hawaji pamoja bure. Neno likija, linamkuta ameshika kiti. Ndipo wengine hutangaziwa.

Mzee Kariuki alikuwa amelazwa hospitalini Nyeri. Muthoni alikwenda kumwona asubuhi kwa niaba ya chama, na mzee akafariki yeye akiwa pale. Akiwa kwenye lango la hospitali aliandika kifo hicho kwa simu yake ili chama kianze kushughulikia makaratasi, kama alivyofanya siku zote, kisha akaanza safari ya kwenda Chaka kumtafuta mjane. Njiani angempitia mama mmoja wa kanisa, waende wawili.

Programu yangu haikungoja. Ilikuta nafasi tupu, ikashuka tabaka moja, ikashuka jingine, ikakuta "mara moja", ikatii.

Mjane, Mama Gathoni, alikuwa sokoni Chaka kwenye viazi vyake. Simu yake ililia. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani, kwa hiyo akampa simu mteja aliyekuwa akichagua viazi, mtu wa kupita tu, akamwambia, nisomee hiyo. Yule mtu akamsomea. Chama kinawatangazia wanachama wote kifo cha Mzee Kariuki wa Chaka. Mchango utumwe kabla ya Ijumaa.

Habari ilifika ofisini kupitia simu ya Muthoni. Hakupiga kelele. Alinieleza kama mwalimu anavyomweleza mzazi jambo alilofanya mtoto wake. Nikamwambia nitalishughulikia, na nikalishughulikia kwa namna niliyoijua: nikakaa chini, nikatafuta mstari wa msimbo, nikausahihisha, nikaujaribu, nikaupeleka kwenye seva zote. Nilikuwa najisikia mtu wa maana. Madam, aliyekuwa nyumbani kwake siku hiyo, akanipigia.

"Umeenda Chaka?"

"Nimerekebisha, Madam. Haiwezi kutokea tena."

"Nimeuliza umeenda Chaka."

"Bado."

"Sasa unaongea na mimi kwa nini?"

Nikachukua pikipiki.

Boma la Mama Gathoni lilikuwa limeshajaa. Mabenchi ya kanisa yalikuwa uani, wanawake wakipika, wanaume wakisema kwa sauti ya chini. Muthoni alinipokea kwenye lango bila kunisalimia kwa mkono, akanipeleka ndani. Mama Gathoni alikuwa ameketi kitandani, shuka mabegani.

"Huyu ndiye mwenye mashine?" aliuliza.

"Ndiye," Muthoni akasema.

"Keti, kijana." Nikaketi. "Mimi nilisomewa na mtu wa viazi. Alikuwa na haraka. Alisoma yote, hata ya mchango, kisha akanirudishia simu, akashindwa kama ataweka viazi chini ama ataenda nazo. Nilimwambia aende nazo." Akavuta shuka. "Hawa wote wamekuja wakanikuta najua. Hakuna mtu ameniambia. Sasa wewe niambie."

Nilifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: "Mama, pole sana, tulikuwa na hitilafu katika mfumo, chaguo-msingi ili—"

"Sijauliza mfumo."

Nikajaribu tena, nikakosa pa kuanzia. Sikumjua mumewe. Sikujua alikufa vipi, wala nani alikuwa karibu naye. Nilikuwa nimeendesha pikipiki kutoka Nyeri bila kuuliza hata hilo. Nikaangalia sakafu.

Alinipa muda wa kutosha. Kisha akasema, bila hasira, "Haya. Umenyamaza. Nimesikia."

Alielewa kunyamaza kwangu kama watu wote wa kwetu wanavyokuelewa. Kisha akawaambia wanawake wanipe chakula, kwa sababu nimetoka mbali. Nikakila. Ndiyo, nilikila chote, ili nisiinue uso.

Baada ya hapo nilitoa kwenye hifadhi mafaili yote ya zamani, nikaorodhesha kila mstari mtupu niliokuwa nimeupalilia, na badala ya kupiga simu nikaenda mwenyewe, mji kwa mji. Pengine ni kazi pekee niliyofanya ambayo iliifaa miguu yangu. Naro Moru, wapagazi walikuwa wameacha mtupu mstari wa kuonyesha namba za simu za wake zao kama watu wa dharura, kwa sababu watalii walikuwa wakiwapigia kuuliza hali ya hewa. Kangari, yule mwenyekiti wa nyani aliniambia hawataki kilo za kila mkulima zionekane kwenye tovuti: "Mtu akijua jirani amepeleka ngapi, hiyo usiku halali." Shule moja Nanyuki haikutaka kutangaza mtoto wa mwisho darasani. Mwalimu mkuu alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watoto wanavaa viatu. Karatina nilimkuta mwenye duka la dawa za mifugo, nikamwuliza kwa heshima kubwa kwa nini aliacha mtupu mstari wa rangi ya kichwa cha ukurasa. Akafikiri sana. "Hiyo nilisahau tu," akasema.

Niliporudi, Madam alikuwa mezani kwake. Nilianza kumwomba radhi kwa ule mzaha wa wazee wa kanisa. Akasukuma karatasi mbele yangu. Lilikuwa faili la Chaka, la zamani, limechapwa upya.

"Soma."

Nikasoma mstari kwa mstari, yeye akitazama skrini. Nilipofika kwenye meseji ya msiba nikasema, hakuna.

"Endelea," akasema.

Hatukuzungumza tena juu ya mzaha ule hadi alipohamia Nairobi kwa binti yake. Siku hiyohiyo ya kusoma tulianza kubuni mfumo mnaoutumia sasa, na mjue kwamba ni wake kwa kiasi kikubwa kuliko jina langu lilivyo juu ya msimbo. Matabaka yalibaki, kwa sababu yalikuwa na faida. Lakini anayetaka jibu la chini huandika neno "rithi", waziwazi, kwa mkono wake. Mstari mtupu ni kukataa. Mstari usiokuwepo huizuia programu kuwaka. Na inapowaka, huandika kila jibu limetoka tabaka gani, ili mtu aone kwa macho ni nani aliyesema nini.

Ndio mfumo ambao Njoki anasema, na hakosei, unawachosha wateja wapya. Neno "rithi" limeandikwa mara nyingi hadi limekuwa kama vumbi. Pendekezo lake ni kwamba nafasi tupu irithi yenyewe, na kwamba tahadhari ziwekwe. Ameandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi wakati wangu. Nililisoma mara mbili, kwa miwani mbili, na nikagundua kwamba siwezi kutoa maoni. Nilikuwa na deni Chaka, na mtu mwenye deni hasimami kuwafundisha wengine.

Kwa hiyo juma lile la kwanza la kustaafu nilikwenda kwa Muthoni. Ameacha kufundisha, anafuga kuku. Nikamwuliza kama bado anayakumbuka maneno aliyokuwa ameyabeba kutoka hospitalini asubuhi ile.

"Unayataka ya nini?"

"Nataka kuyafikisha."

"Wachira, ni miaka mingi hiyo."

"Najua. Ulimwambia?"

Akaokota yai, akalifuta kwa leso. "Nilimwambia nusu siku ya mazishi, watu wakilia. Sijui kama alisikia. Yalikuwa maneno ya kufungulia mlango, na nilikuta mlango umevunjwa. Ningeyaweka wapi?" Akanieleza yote. Kisha akavua aproni. "Huendi peke yako. Hiyo habari haipelekwi na mtu mmoja."

Mama Gathoni amezeeka, lakini bado anauza viazi siku za soko. Alituona tukiingia langoni pamoja, mimi na Muthoni, akaacha alichokuwa akifanya. Alitutazama mmoja, kisha mwingine. Akatutangulia ndani, akatuwekea chai, akaketi.

Tulikunywa. Nikauliza hali ya ng'ombe. Akasema mmoja ana mimba. Muthoni akauliza baridi ilivyowatenda watu wa Kieni mwaka huu, wakalizungumza hilo kwa muda, viazi vya nani viliunguzwa shambani na barafu ya usiku na vya nani vilipona. Mama Gathoni akaweka kikombe chini na kushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mama, tumetoka kwa mzee. Mzee ametuacha."

Aliinamisha kichwa. Tukangoja.

"Alikuwa na nani?"

"Alikuwa na Muthoni. Hakuwa peke yake. Aliomba maji."

"Akakunywa?"

"Kidogo. Kisha akaangalia dirishani, akasema usiku umekuwa na baridi. Akauliza kama umevifunika viazi."

Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondoka kwenye mikono iliyoshika kiti.

"Nilikuwa nimevifunika," akasema.

Muthoni akahamia kando yake. Baadaye, chai ya pili ilipomiminwa, Mama Gathoni alinitazama vizuri, kana kwamba ndiyo kwanza naingia.

"Ile mashine yenu. Bado inatuma tu?"

"Hapana, mama. Siku hizi isipoambiwa, inangoja."

"Basi iacheni ingoje."